Isikatike

Alhamisi asubuhi, chai haijafika hata kinywani, Kagwiria aliiona pikapu ya bluu ikikunja kona ya jua kali, penye vibanda vya mafundi, ikisukumwa na vijana wanne. Kwenye usukani alikuwa Mzee Guleid, mgongo wima, ndevu zake nyekundu za hina zimetangulia mbele, kama mtu aliyepanga mwenyewe kusukumwa. Kagwiria akaweka kikombe chini. Mara ya nne, jamani! Gari lile lile, ugonjwa ule ule, na fundi ni yule yule.

"Mwathani," akanong'ona. Ndivyo Wameru wanavyomwita Bwana mambo yakiwazidi.

Jirani yake Mwongera alikuwa ameshaanza kucheka. Mwongera hutengeneza breki za magari ya watu, lakini mdomo wake hauna breki hata moja.

"Mgonjwa wako amerudi wodini!" akapiga kelele. "Nilikwambia hiyo si stima, hiyo ni jini. Tafuta sheikh ama tafuta pasta, chagua mmoja."

"Jini ni wewe," Kagwiria akamjibu, akajipangusa mikono kwa ovaroli na kwenda kumpokea mzee.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, Mzee. Imelala tena?"

"Imekufa, si kulala. Nimezungusha ufunguo alfajiri niende msikitini, ikafanya tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati. Nikaenda kwa miguu. Nimefika imamu ashamaliza rakaa ya kwanza."

Kagwiria alisikia uso ukimchoma. Yeye ndiye fundi wa kike wa pekee katika safu nzima ya vibanda vile, na mafundi wenzake walikuwa wameanza kusimama na spana mkononi, wakijifanya wanatafuta kitu. Hakuna watu wanaopenda msiba wa jirani kama mafundi.

Sasa pikapu ile, ukitaka kujua, haikuwa gari la kuchezea. Mzee Guleid ni mjukuu wa askari wa Kisomali aliyeletwa na Waingereza na kuachwa Isiolo, na ukoo wao umekula riziki ya barabara tangu siku hizo. Yeye mwenyewe aliendesha lori miaka arobaini. Malori sasa yako chini ya mwanawe Abdiladif. Mzee alibakiwa na pikapu tu, na safari moja: kila Jumamosi anakwenda Kulamawe kumwona dada yake mkubwa, Ardo, aliyekataa katakata kuhamia mjini. Anampelekea sukari, majani ya chai na umbea wa wiki nzima. Ardo anampa maziwa na kumgombeza kwa kukonda. Wazee hawa wawili hawana mwingine wa rika lao aliyebaki. Juma zima la Mzee Guleid lilikuwa ni kungojea Jumamosi.

Taabu ilianza miezi mitatu nyuma, watoto wake walipomnunulia redio mpya ya gari, pamoja na spika mbili kubwa na amplifaya, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua la kusikia. Kagwiria ndiye aliyeifunga. Tangu siku hiyo betri ikawa inakutwa imekauka, leo asubuhi hii, wiki ijayo asubuhi ile.

Si kwamba Kagwiria hakutafuta. Alitafuta! Mara ya kwanza alipima betri kwa mita, ikawa nzima. Akapima alternata, inachaji vizuri. Mara ya pili akafanya kipimo cha kumnasa mwizi: alizima kila kitu, redio, taa, feni, akang'oa waya wa hasi kwenye betri, akaweka taa ndogo ya testa katikati. Kama kuna kitu kinakula stima gari likiwa limezimwa, ile taa huwaka. Haikuwaka. Alikaa pale akiitazama nusu saa na haikumkonyeza hata kidogo. Gari likalala kibandani kwake siku mbili, na kila asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Mara ya tatu akaweka betri mpya kabisa. Nayo ikafa.

"Fundi," Mzee Guleid akasema, akamvuta pembeni mbali na masikio ya Mwongera. "Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanangu wanakaa kikao. Abdiladif anasema mimi nasahau kuzima taa. Anasema umri umefika. Wakikubaliana, ufunguo nampa yeye na pikapu inauzwa."

"Na Kulamawe?"

"Anasema atatuma dereva apeleke sukari." Mzee akatikisa kichwa. "Dereva atamwambia nini Ardo? Atamwambia habari ya nani?"

Kagwiria akageuka kuitazama pikapu.

"Wallahi, mimi sisahau taa," mzee akaongeza, na safari hii sauti yake ikawa ndogo, sauti ya mtu ambaye ameanza kujishuku mwenyewe.

Hapo Kagwiria akamwonea huruma mpaka akakasirika. Alikuwa amemwona mzee huyu akiegesha: magurudumu yanyooke, gia iingie, breki ya mkono juu, jicho kwenye swichi ya taa, kisha ufunguo. Mtu wa namna hiyo hasahau taa mara nne. Akafikiri tena, safari hii kwa utulivu. Gari likilala kwangu, haliumwi. Likilala kwake, linakufa. Basi ugonjwa hauko ndani ya gari, uko Bulapesa nyumbani kwa mzee.

"Mzee, leo sifungui kitu," akasema. "Tutaijampa kwa betri nyingine iwake, halafu utanibeba mpaka kwako. Endesha vile unaendesha kila siku, paki vile unapaki. Mimi nitakaa kama mzigo. Usinijali."

"Kagwiria amekuwa abiria!" Mwongera akatangaza kwa safu nzima. "Akishindwa na ufundi, atakuwa makanga wa matatu!"

Waliijampa, ikanguruma. Mzee Guleid alipokanyaga mafuta, redio nayo ikaamka, na sauti ya sheikh anayesoma Kurani ikajaza pikapu, nzito na tamu, ikitetemesha mpaka vioo. Mzee akamfuata kwa midomo. Alipunguza mwendo kwa mbuzi waliokuwa wakivuka, akawapungia mkono akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, akamfokea mwendesha bodaboda aliyejichomeka mbele yake, kisha akarudi kwenye aya bila kukosa neno. Kagwiria alikaa kimya, mikono mapajani, macho yamemganda mzee vidoleni.

Kowsar, binti wa mwisho wa mzee, ndiye aliyefungua geti. Mzee akaegesha kwenye kivuli cha ukuta. Magurudumu sawa. Gia. Breki ya mkono. Jicho kwenye taa: zimezimwa. Akachomoa ufunguo, injini ikanyamaza.

Sheikh hakunyamaza. Aliendelea kusoma, yuko katikati ya aya ndefu.

Kagwiria akangojea mkono wa mzee uende kwenye kitufe cha kuzima. Mkono ulikwenda, lakini ulikwenda kwenye sauti. Mzee akaipunguza taratibu, kidogo, kidogo tena, kama mama anayemfunika mtoto aliyesinzia, mpaka hakikusikika kitu. Ila kwenye kioo cha redio tarakimu zilikuwa zinatembea bado. Kisha akashusha kile kitambaa alichoshona Kowsar cha kukinga dashibodi na vumbi, kikaifunika redio yote, akafungua mlango.

"Mzee, ngoja kwanza!"

"Nini?"

"Hujazima redio."

"Nizime?" Mzee Guleid alimtazama kana kwamba ameambiwa amzabe mtu kofi. "Yuko katikati ya aya!"

Kagwiria akamtazama mzee, akaitazama redio.

"Mtu anakusomea maneno ya Mungu," mzee akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni desturi za nyumba, "halafu wewe umfungie mdomo kwa sababu umefika nyumbani? Si adabu. Nikifika aya imeisha, nazima; akiwa katikati, namteremsha sauti, namwachia amalize mwenyewe. Akimaliza sura, atanyamaza."

"Mzee wangu, hanyamazi." Kagwiria akainua kitambaa. "Flashi hii iliyochomekwa kwenye redio ina sura zote. Akimaliza hii anaingia ingine. Akizimaliza zote anarudi mwanzo."

Mzee akazitazama zile tarakimu zikitembea. "Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Na amplifaya iko macho pamoja naye."

"Subhanallah. Na hachoki?"

"Yeye hachoki. Betri ndiyo inachoka."

Sasa ilieleweka kwa nini gari halikuugua kibandani. Kila lilipoletwa, kitu cha kwanza Kagwiria alichofanya ni kubonyeza kitufe cha redio, kama fundi yeyote mwenye akili. Alikuwa anamfukuza mwizi kwanza, halafu anawasha tochi kumtafuta! Alitaka kucheka, na kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, mzee alipouliza swali lililokirudisha tumboni.

"Lakini fundi, si wewe mwenyewe ulinitengenezea hivyo? Nilikwambia isikatike."

Alimwambia kweli. Siku ile ya kufunga redio, mzee alisimama kando ya mlango akasema, "Tafadhali, sitaki ikatike." Na Kagwiria akajibu, "Usijali, Mzee, haitakatika." Kwa fundi wa umeme, kukatika ni jambo moja tu duniani: stima. Redio ya gari ina nyaya mbili za kuileta hiyo stima, wa njano ulio hai siku zote, na mwekundu unaoamka pale ufunguo unapozungushwa. Ukitaka redio isikatike mtu akichomoa ufunguo, unaziunganisha hizo mbili. Wateja wengi wa stendi huomba hivyo, wasikilize mpira huku injini imezimwa, nao huizima kwa kitufe wakitosheka. Kagwiria akaziunganisha, akazizungushia tepu, akasahau. Mzee naye alikuwa anasema habari ya aya.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi mitatu alikuwa akiwinda kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Basi tumejua," mzee akasema, ila furaha haikufika usoni kwake. Alitazama mlango wa nyumba, akainama karibu. "Usiwaambie watoto."

"Kwa nini, Mzee?"

"Abdiladif atasema, mnaona, hata kuzima redio hajui. Itakuwa yale yale ya taa. Waambie ni waya. Sema waya iliungua."

Kagwiria hakuitikia wala hakukataa. Aliomba bisibisi. Alizitenganisha zile nyaya palepale uani, Kowsar akimletea chai ya maziwa ya ngamia, na waya mwekundu akaurudisha kwenye kazi yake. Kisha akamwita mzee akae kwenye usukani, awashe injini.

"Sasa ukichomoa ufunguo, redio inazima. Hakuna kula betri."

"Na aya?"

"Ngoja. Rudisha ufunguo hatua moja, usichomoe." Mzee akarudisha. Injini ikazima, sheikh akaendelea kusoma. "Umeona? Hapo ukae naye. Akifika mwisho wa aya akivuta pumzi, chomoa. Hata sisi kanisani, pasta akiwa katikati ya baraka hakuna anayetoka."

Mzee Guleid akajaribu. Sheikh akafikisha aya, akavuta pumzi, ufunguo ukatoka. Kimya. Mzee akatabasamu meno yote, yale yaliyobaki.

"Na kusahau haiwezekani," Kagwiria akasema, "maana wewe huwezi kuacha ufunguo kwa gari hata siku moja."

"Miaka arobaini sijaacha," mzee akasema kwa majivuno.

Ijumaa alfajiri pikapu iliwaka kwa mguso mmoja. Lakini asubuhi moja haikumshawishi mtu kama Abdiladif, na baada ya swala Kagwiria akaitwa. Alivua viatu mlangoni, akakaribishwa kwenye zulia, akapewa mto wa kuegemea ambao hakuuegemea. Kowsar alimimina chai. Abdiladif, mwanamume mnene mwenye simu mbili, alikuwa ameziweka zote kifudifudi, na hiyo peke yake ilionyesha kwamba kikao si cha mchezo. Mzee Guleid alikaa pembeni, ufunguo wa pikapu umefumbatwa kwenye ngumi.

"Fundi, karibu," Abdiladif akasema. "Mimi sitaki kumsumbua Aabo, baba yetu. Lakini barabara ya Kulamawe ni pori. Gari ikilala huko na mtu wa umri wake, nani atamwona? Tuambie ukweli. Ni gari, ama ni yeye?"

Kagwiria alihisi macho ya mzee yakimwomba. Jibu la waya ulioungua lilikuwa rahisi sana, lilikuwa limekaa ulimini tayari, na lingemwokoa yeye pia. Nani angejua? Lakini uongo ule ungemwacha mzee na lile doa la kusahau taa, na kesho yake likitokea lolote, hata pancha, wangesema tena ni umri.

"Ni mimi," akasema.

Abdiladif akainua nyusi.

"Siku nafunga redio, Mzee aliniambia isikatike. Mimi nikasikia kifundi. Nikaunganisha nyaya mbili ambazo hazifai kuunganishwa bila kumweleza mwenye gari. Kwa hivyo redio haikujua ufunguo umetoka. Ilikuwa inafanya kazi usiku mzima. Taa hakusahau hata mara moja. Kosa ni langu, na betri ile ya kwanza nitamrudishia, maana haikuwa na makosa."

"Lakini redio ikiwaka si mtu anaisikia?" Abdiladif akauliza. "Anaisikia, anaizima."

Kagwiria akamgeukia mzee. Hapo hapakuwa pake kusema. Kowsar akabaki na birika hewani.

"Nilikuwa nainyamazisha," Mzee Guleid akasema hatimaye, akiutazama ufunguo. "Sikuwa naizima. Sikutaka kumkata sheikh katikati ya aya. Nilifikiri akimaliza atalala."

"Miezi mitatu, Aabo? Na ulijua inaendelea?"

"Nilijua inasoma. Sikujua inakula."

Kowsar ndiye wa kwanza kushindwa. Aliweka birika chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na kicheko chake kikamwambukiza Kagwiria, kikamfikia na mzee mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye hina. Abdiladif alijaribu kushika uso wa mwenyekiti. Alishika kidogo. Kisha tumbo likamsaliti, akacheka kuliko wote.

Walipotulia akajifuta macho, akamgeukia Kagwiria. "Lakini wewe ni fundi kweli. Umejuaje? Mita zote hazikuona."

Hakuwa na nia mbaya, na Kagwiria pia hakuwa na nia mbaya alipomjibu. Alisema tu kilichotokea.

"Hakuna ufundi hapo. Nilipanda naye. Mara moja tu, kutoka jua kali mpaka hapa. Nikakaa kando yake, nikaona."

Kicheko kikaisha. Abdiladif alitazama simu zake mbili zilizolala kifudifudi, kisha akamtazama baba yake. Kagwiria akatambua kwamba katika miezi ile mitatu, na pengine katika miaka kadhaa, hakuna mtoto hata mmoja aliyekalia kile kiti cha kando. Akatamani kuyameza maneno yake, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

Mzee Guleid alinyoosha mkono, akaufungua mbele ya mwanawe. Ufunguo ulikuwa umeacha alama nyekundu kiganjani.

"Kikao ni chenu," akasema. "Mimi nimejibu."

Abdiladif hakuuchukua. Aliukunja mkono wa baba yake, kidole kwa kidole, mpaka ufunguo ukapotea tena ndani.

"Aabo, kesho Kulamawe unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili," mzee akasema. "Kwa nini?"

"Sijamwona shangazi Ardo siku nyingi."

Mzee Guleid akamkagua kijana wake huyo wa miaka hamsini kuanzia kofia mpaka soksi. Akatia ufunguo mfukoni.

"Njoo umeshakunywa chai," akasema. "Na ukichelewa, nakuacha."